Tovuti Binafsi ya Bure kwa Msaada wa Akili Mnemba: Nani Anafanya Nini, na Bure Inaishia Wapi

Mtu akimwomba msaidizi wa akili mnemba amtengenezee tovuti binafsi, hupata jibu kabla hajakaa vizuri: mamia ya mistari ya msimbo, rangi zilizopangwa, menyu juu, picha ya mfano katikati, na sentensi ya kumtia moyo inayosema kwamba tovuti sasa iko tayari. Haiko tayari. Kilichopo ni maandishi yaliyomo ndani ya dirisha la mazungumzo. Hayana anwani, hayako kwenye seva inayoyatoa kwa umma, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuyafungua. Wengi hukwama hapo, na hawakwami kwa ugumu wa kazi iliyobaki, bali kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba kinachoitwa tovuti ni vitu vitatu vilivyounganishwa, kila kimoja kikiwa na mwenyewe na masharti yake.

Kitu cha kwanza ni faili, yaani maandishi, picha na maelekezo ya mpangilio ambayo kivinjari husoma na kugeuza kuwa ukurasa. Cha pili ni seva, kompyuta iliyowashwa usiku na mchana ambayo humpa faili hizo kila anayeziomba. Cha tatu ni jina la kikoa, anwani ambayo watu huiandika au huibofya ili kufika kwenye seva hiyo. Msaidizi wa akili mnemba hushughulika na kitu cha kwanza, na hapo ni hodari kwelikweli. Kwa kile cha pili na cha tatu huweza kukushauri, na zipo programu za aina hii ambazo hukubali kuuchapisha ukurasa kwenye seva za kampuni iliyoziunda, lakini mkataba na mwenye seva na msajili wa kikoa hubaki wako. Mtu anayevitenganisha vitu hivi kichwani tangu mwanzo huvuka sehemu kubwa ya utata uliobaki.

Faili ni zako, na teknolojia yake si ya mtu

Wavuti ulianza kama pendekezo lililoandikwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na Geneva. Tovuti ya kwanza ilipatikana kwa umma mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti itakuwa mali ya umma, isiyodaiwa ada na yeyote, na uamuzi huo ndio unaomwezesha mtu kuandika ukurasa wa HTML, lugha inayotumika kuandika kurasa za wavuti, leo bila kumlipa mtu wala kumwomba ruhusa. CSS, lugha inayopanga rangi, herufi na nafasi, ilipitishwa rasmi kama kiwango mwaka 1996. JavaScript, inayoupa ukurasa uwezo wa kutenda na kujibu, ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla, 1995.

Umri huu una maana kubwa kwa mada yetu. Wasaidizi wa akili mnemba wamefunzwa kwa maandishi mengi mno kutoka intaneti, na hakuna msimbo uliotapakaa humo kama HTML na CSS. Tena lugha hizi hubadilika kwa uangalifu, kwani kivinjari cha leo bado hufungua kurasa zilizoandikwa miaka ya 1990. Msaidizi anapoandika HTML anatembea kwenye njia iliyokanyagwa na watu wengi kwa miaka mingi, na ndiyo sababu hukosea mara chache.

Mambo hugeuka unapomuuliza kuhusu tovuti za kampuni zinazotoa seva. Hapo anaweza kukuambia, bila kusita hata kidogo, ubofye kitufe fulani upande wa kulia, ilhali kitufe hicho kilihamishwa au kuondolewa baada ya mafunzo yake kukamilika. Anaweza pia kukupa viwango vya bure vilivyofutwa zamani. Sauti yake haibadiliki anapokuwa na uhakika na anapobahatisha, kwa hiyo sauti haisaidii kumpima. Kinachosaidia ni kujiuliza kama jambo unalomuuliza ni la kudumu au ni la kubadilikabadilika. La kudumu, mwachie. La kubadilikabadilika, fungua ukurasa wa maelekezo wa kampuni yenyewe, nakili maandishi yake, uyabandike kwenye mazungumzo, kisha umwombe akueleze kwa kutumia maandishi hayo. Njia hii huondoa makosa mengi, na inashangaza jinsi inavyotumiwa na wachache.

Chagua tovuti tuli

Kabla ya kuandika ombi lolote, kuna uamuzi mmoja unaoamua kama tovuti itaweza kubaki bure au la. Tovuti tuli ni ile ambayo faili zake zimeshaandikwa, na kazi ya seva ni kuzitoa jinsi zilivyo. Tovuti hai, kwa upande mwingine, hutengeneza kila ukurasa wakati mgeni anapoufungua, kwa kutumia programu inayotembea kwenye seva na mara nyingi hifadhidata iliyo nyuma yake. Kutoa faili zilizokwisha kuandikwa ni kazi nyepesi, na kampuni kubwa zinaweza kuifanya kwa maelfu ya watu bila kuona gharama. Kuendesha programu na hifadhidata kwa kila mteja hula umeme, kumbukumbu na muda wa wahandisi, na ndiyo maana huduma za bure za aina hiyo huja na kuondoka. Heroku, iliyokuwa kimbilio la wanafunzi wa programu kwa miaka mingi, ilifunga mipango yake ya bure mwezi Novemba 2022.

Tovuti binafsi yenye wasifu, kazi ulizofanya, makala chache na njia ya kuwasiliana nawe haihitaji hifadhidata. Tatizo ni kwamba msaidizi, usipomwekea mipaka, hupenda kukupeleka kwenye mifumo mizito inayotumiwa na makampuni: atakutaka usakinishe programu tatu, uandike amri kwenye dirisha jeusi, na mwishowe uwe na folda yenye maelfu ya faili ambazo hujui hata moja inafanya nini. Mifumo hiyo ni mizuri mahali pake. Kwa ukurasa wa mtu mmoja ni mzigo, maana siku kitu kitakapoharibika hutaweza kukiona kwa macho yako mwenyewe.

Ombi linaloleta ukurasa unaofaa

Ombi la "nitengenezee tovuti nzuri" huleta tovuti inayofanana na nyingine zote, yenye rangi ya zambarau inayofifia kuelekea buluu na maneno ya kujisifu ambayo hukuyasema. Ombi linalofaa hubana. Hili hapa ni mfano wa namna linavyoweza kuandikwa:

"Andika ukurasa mmoja wa HTML kwa ajili ya tovuti yangu binafsi. CSS iwe ndani ya faili hilohilo. Usitumie JavaScript, na usiite faili lolote kutoka tovuti nyingine. Lugha ya ukurasa ni Kiswahili, kwa hiyo weka lang iwe sw. Ukurasa usomeke vizuri kwenye simu kwanza, kisha kwenye kompyuta. Sehemu ziwe tatu: mimi ni nani, kazi zangu, na mawasiliano. Tumia maandishi niliyoyabandika hapa chini neno kwa neno. Usiongeze jambo ambalo sijalisema, na pale panapokosekana taarifa andika JAZA HAPA."

Kila sentensi ya ombi hilo ina sababu yake. Faili moja ni rahisi kulisoma, kulihamisha na kulirudisha kwa msaidizi likihitaji marekebisho. Kukataza faili za nje kunazuia hali ambayo ukurasa unategemea herufi au picha kutoka seva usiyoidhibiti, ambazo zikitoweka ukurasa wako huharibika bila wewe kugusa chochote. Kuhusu lang, alama inayokitajia kivinjari lugha ya ukurasa, wasaidizi wengi huandika en, yaani Kiingereza, hata maandishi yakiwa ya Kiswahili, na matokeo yake ni kwamba programu zinazowasomea wasioona huyatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, yaani hazieleweki kabisa.

Sehemu ya mwisho ya ombi ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Msaidizi huchukia nafasi tupu. Usipompa taarifa za kutosha atakubunia uzoefu wa miaka kadhaa, wateja walioridhika na hata maneno ya sifa kutoka kwa watu wasiokuwepo, kwa kuwa kurasa alizofunzwa nazo zilikuwa na vitu hivyo. Kwenye tovuti ya majaribio hilo ni la kuchekesha. Kwenye ukurasa wenye jina lako ambao mwajiri anaweza kuusoma, ni uongo uliotiwa saini yako. Kwa hiyo maandishi yaandike mwenyewe, hata kama hayajanyooka, halafu umwombe akuonyeshe penye makosa ya herufi. Kiswahili chake mara nyingi ni sahihi kisarufi lakini kimekauka, na msomaji huligundua hilo ndani ya aya moja.

Mazungumzo yakirefuka sana, msaidizi huanza kusahau mliyokubaliana mwanzoni, kwani kuna kikomo cha maandishi anayoweza kuyazingatia kwa wakati mmoja. Dalili yake ni kurudisha kosa ambalo mlishalirekebisha, au kufuta sehemu iliyokuwa nzuri wakati akirekebisha nyingine. Hapo usigombane naye. Fungua mazungumzo mapya, bandika faili la mwisho lililokuwa zima, kisha eleza badiliko moja tu unalolitaka. Utaratibu huu pia hupunguza matumizi ya ujumbe kwenye mipango ya bure, ambayo karibu yote huwa na ukomo.

Kulikagua faili kabla halijatoka

Hifadhi msimbo kwenye faili uliloliita index.html, kwa herufi ndogo zote, kisha ulifungue kwa kivinjari kutoka kwenye kompyuta yako. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo: mgeni anapoandika anwani ya tovuti bila kutaja ukurasa, seva kwa kawaida hutafuta faili lenye jina hilo na kumpa.

Kosa linalowachosha watu kuliko mengine yote linahusu majina ya faili. Kompyuta nyingi zinazotumia Windows hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina, ila seva nyingi za wavuti, ambazo huendeshwa kwa Linux, hutofautisha. Picha iliyohifadhiwa kama Picha.JPG na kuitwa ndani ya ukurasa kama picha.jpg itaonekana vizuri nyumbani, na itapotea mara tu tovuti itakapopanda hewani. Mtu akimweleza msaidizi kwamba "picha haionekani", msaidizi huanza kubadilisha CSS, kuongeza mistari na kuhamisha vitu, wakati tatizo liko kwenye herufi moja ambayo yeye hawezi kuiona kwa sababu folda yako haioni. Dawa ni kuyaandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, na kutumia kistari panapohitajika kutenganisha maneno.

La pili la kuangalia ni mstari wa meta unaoitwa viewport, ulio juu kwenye faili. Usipokuwepo, simu hudhani ukurasa uliandikwa kwa ajili ya skrini pana, huuchora kwa upana wa takriban pikseli 980, halafu huubana wote uingie kwenye kioo chake, na maandishi huwa madogo kama maelezo ya kwenye kijikaratasi cha dawa. Wasaidizi huuweka mstari huu mara nyingi, lakini unaweza kufutika katika marekebisho. Karibu nao pawe na mstari unaotaja UTF-8, ambao huhakikisha herufi na alama maalumu hazigeuki kuwa vibandiko visivyosomeka.

Picha zinahitaji mikono yako. Picha moja kutoka simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 3 au zaidi, na kurasa tatu za picha za namna hiyo zitamla mgeni data nyingi kuliko video fupi. Zipunguze upana hadi pikseli 1,200 au chini ya hapo, uzihifadhi katika aina ya faili ya JPEG au WebP, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: picha za simu huweza kubeba ndani yake taarifa za mahali zilipopigwa, ikiwemo latitudo na longitudo, kwa hiyo hakikisha programu unayoitumia kuzipunguza inaziondoa pia taarifa hizo.

Viungo na vitufe vibofye kimoja baada ya kingine. Msaidizi hupenda kuweka alama za mitandao ya kijamii zinazoelekea kokote au zisizoelekea popote, pamoja na fomu ya mawasiliano ambayo ina kila kitu isipokuwa uwezo wa kutuma. Fomu ndiyo mtego mkubwa zaidi kwenye tovuti tuli. Inaonekana, inajazwa, kitufe kinabofyeka, halafu ujumbe hauendi kokote kwa kuwa hakuna programu upande wa seva ya kuupokea. Ama utumie huduma ya nje inayopokea fomu kwa niaba yako, ambayo huwa na kiwango cha bure kwa mwezi, ama uweke anwani ya barua pepe kama kiungo cha kawaida. Ninapendelea la pili, na barua pepe hiyo iwe ya pekee kwa ajili ya tovuti, maana programu zinazokusanya anwani kwa ajili ya barua taka zitaipata.

Seva ya bure na masharti yake

Kwa tovuti tuli, huduma za bure zinazotumiwa sana ni GitHub Pages, Cloudflare Pages na Netlify. Mbili za mwisho hukubali uburute folda yako kutoka kwenye kompyuta na kuiachia kwenye ukurasa wao, na baada ya muda mfupi tovuti huwa na anwani. Kwa mtu asiyetaka kujifunza zaidi ya hapo, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

GitHub Pages inahitaji maelezo zaidi kidogo, na nadhani inastahili. GitHub ni mahali ambapo watengenezaji wa programu huhifadhi msimbo pamoja na historia yake yote. Ilianzishwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018. Mtumiaji hufungua akaunti, huunda ghala la faili lenye jina linalolingana na jina lake la mtumiaji likifuatwa na .github.io, hupakia index.html humo, na tovuti hufunguka kwa anwani hiyohiyo. Kikomo cha ukubwa wa tovuti ni gigabaiti 1, na kuna kikomo kisicho kikali cha gigabaiti 100 za data zinazopakuliwa kwa mwezi, viwango ambavyo ukurasa wa mtu mmoja hauvikaribii. Huduma hii haikukusudiwa kuendesha biashara ya mtandaoni, na masharti yao yanasema hivyo waziwazi.

Jambo ambalo wageni hawalitambui ni kwamba kwenye akaunti ya bure, ghala linalotumika kwa Pages lazima liwe wazi kwa umma. Si ukurasa tu unaoonekana. Faili zote zilizomo zinaonekana, pamoja na matoleo ya zamani. Mtu aliyeweka namba yake ya simu kisha akaifuta, namba hiyo bado imo katika historia. Hali ni mbaya zaidi kwa funguo za siri, zile nywila ndefu ambazo huduma mbalimbali hutoa ili programu zizungumze nazo. Ukimwomba msaidizi akuwekee kisanduku cha mazungumzo ya akili mnemba ndani ya tovuti yako, anaweza kukuandikia msimbo wenye nafasi ya ufunguo, nawe ukaujaza kwa nia njema. Zipo programu zinazozunguka zikitafuta funguo za namna hiyo kwenye maghala ya wazi, na gharama za atakayeutumia zitakuja kwako. Kufuta faili hakutoshi. Ufunguo uliokwisha kuvuja hubatilishwa kwenye huduma iliyoutoa na kuombwa mwingine. Kwa kweli hakuna mahali salama pa kuweka ufunguo wa siri ndani ya tovuti tuli, kwani kila kilichomo hupelekwa kwenye kivinjari cha mgeni.

Kuna kosa la njia za faili linalojitokeza hapahapa. Ghala likiwa na jina lingine, mathalani kazi, tovuti hufunguka ndani ya anwani inayoishia na /kazi/. Ikiwa ndani ya ukurasa picha imeitwa kwa njia inayoanza na mkwaju, kwa mfano /picha/mimi.jpg, kivinjari huitafuta kwenye mzizi wa anwani, nje ya /kazi/, na hakiikuti. Ondoa mkwaju wa mwanzo, njia isomeke picha/mimi.jpg, na picha itarudi. Hili ni miongoni mwa mambo ambayo msaidizi huyatatua kwa sekunde moja ukimpa anwani kamili ya ukurasa na mstari wenye picha, na ambayo hatayaona hata baada ya majibu kumi ukimwambia tu kwamba "haifanyi kazi".

Baada ya kupakia marekebisho, subiri dakika chache kabla ya kulalamika. Kivinjari pia huhifadhi nakala ya zamani ili kuokoa muda, hivyo unaweza kuwa unaangalia ukurasa wa jana. Lazimisha kivinjari kuupakua upya, au ufungue katika dirisha la faragha, ndipo uamue kama kuna tatizo.

Huduma hizi zote hutoa pia cheti cha usalama bila malipo, kile kinachofanya anwani ianze na https na kuzuia mtu wa katikati asisome au asibadilishe kinachopita. Zamani vyeti hivyo vilinunuliwa. Let's Encrypt, mradi usio wa kibiashara uliofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2015, ulibadilisha hali hiyo kwa kutoa vyeti bure na kwa njia ya kompyuta. Msaidizi akikuelekeza ununue cheti kwa ajili ya ukurasa wako binafsi, anakupa ushauri wa enzi iliyopita.

Jina ndilo sehemu isiyo na bure ya kweli

Anwani unayopewa na mwenye seva ni tawi la jina lake yeye. Inafanya kazi vizuri, na hakuna aibu kuitumia kwa miaka. Ila siku utakapohama, anwani hubaki nyuma, na kila kiungo ulichokiandika kwenye wasifu wako, kadi au makala hugeuka kuwa mlango usiofunguka.

Jina lako mwenyewe hupatikana kwa msajili wa vikoa kwa ada ya mwaka, na ada hiyo ndiyo gharama pekee ambayo ningemshauri mtu aifikirie. Kulikuwa na majina ya bure. Kampuni ya Freenom ilikuwa ikitoa bila malipo majina yanayoishia na .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, na mamilioni yalichukuliwa, mengi yakiishia mikononi mwa matapeli. Meta, kampuni yenye Facebook, iliishitaki, Freenom ikaacha kusajili majina mapya mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatangaza kujiondoa katika biashara ya vikoa. Mafunzo ya zamani kwenye intaneti bado yanawaelekeza watu huko, na kwa kuwa wasaidizi wa akili mnemba walisoma mafunzo hayohayo, wanaweza kukuelekeza huko pia. Ukinunua jina, angalia ada ya kulihuisha na si bei ya mwaka wa kwanza pekee, kwani ya kwanza mara nyingi hupunguzwa ili kukuvuta. Angalia pia kwamba msajili anaficha taarifa zako katika orodha ya umma ya wenye vikoa, na kwamba akaunti imesajiliwa kwa barua pepe yako wewe, siyo ya rafiki aliyekusaidia.

Kuliunganisha jina na seva hufanyika kwenye mipangilio ya DNS, daftari la dunia linalotafsiri majina kuwa namba za kompyuta. Kwa kawaida utaandika rekodi moja au chache: rekodi ya A inayoelekeza jina kwenye namba ya seva, au ya CNAME inayosema kwamba jina hili ni jina lingine la anwani ile. Msaidizi hueleza dhana hizi kwa ufasaha. Namba zenyewe, hata hivyo, zichukue kwenye ukurasa rasmi wa mwenye seva, kwa sababu namba iliyobuniwa haitofautiani kwa macho na namba ya kweli.

Kuonekana, kutunza na kuhama

Tovuti mpya haionekani kwenye injini ya utafutaji siku hiyohiyo. Google hugundua kurasa kwa kufuata viungo kutoka kurasa nyingine, na ukurasa ambao haujaunganishwa na kitu chochote unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Google Search Console, ambayo ni bure, hukuwezesha kuthibitisha kwamba tovuti ni yako na kuomba ipitiwe. Mengine ni madogo: kichwa cha ukurasa kiwe na jina lako na unachofanya, na kila picha iwe na maelezo mafupi ya maandishi kwa ajili ya wasioona. Ahadi za msaidizi kwamba amekuandikia maneno "yatakayokupandisha namba moja" zipuuze.

Huduma za bure pia hufa. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilikuwa makazi ya mamilioni ya kurasa binafsi hadi ilipofungwa Oktoba 2009, isipokuwa tawi la Japani lililodumu hadi 2019. Waliokuwa na nakala za faili zao walihamia kwingine. Wasiokuwa nazo walibaki kutegemea wahifadhi wa kujitolea walionakili walichoweza kabla ya milango kufungwa. Hapa ndipo faili moja la HTML linapolipa. Tovuti iliyojengwa ndani ya huduma ya kuburuta na kudondosha, hata ikiwa na akili mnemba ya kisasa, inaweza kukosa njia ya kutoka na faili zinazofunguka mahali pengine, na hilo ni swali la kuuliza kabla ya kujiandikisha. Folda yenye index.html na picha hufunguka kwenye seva yoyote, ya leo au ya baadaye.

Kwa hiyo weka folda nzima sehemu mbili tofauti, na mazungumzo yako na msaidizi yasiwe mojawapo, kwani historia ya mazungumzo hufutika na akaunti hufungwa. Siku ya kuhama ikifika, pakia folda kwenye seva mpya kwanza na uikague kwa anwani yake ya muda. Kisha badilisha rekodi za DNS zielekee huko, na uiache seva ya zamani ikiendelea kufanya kazi kwa siku mbili hivi, kwa sababu kompyuta nyingine duniani zitakuwa bado zinakumbuka anwani ya awali hadi muda wa kumbukumbu hiyo uishe.